Dorotea na Visahani vya Fedha

Watu wa Katubuka wakitaka kunichokoza, huniuliza kama bado nakumbuka nilivyomsihi Dorotea anunue mabati. Nakumbuka vizuri. Nilimsihi mara nyingi na ningemsihi tena leo, maana mtu anayejenga hununua mabati: mwezi huu machache, mwezi ujao machache, anayaegemeza ukutani chumbani mwake mpaka yatoshe paa. Ndivyo walivyojenga wazazi wetu, na ndivyo nilivyojenga mimi kwetu Same. Dorotea yeye alinunua miungu.

Naitwa Elinipa. Ni Mpare, serikali ilinileta Kigoma kufundisha shule ya msingi nikiwa binti, na nimestaafu hapahapa, nimekuwa mtu wa migebuka na ugali wa muhogo. Kwa miaka mingi nilipanga chumba Katubuka, nyumba moja na Dorotea na baba yake. Ua ulikuwa mmoja, kamba ya kuanikia nguo moja, na kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba siri zetu zilikuwa za ushirika. Kwa hiyo ninayoyasimulia sikuyasikia kwa watu.

Dorotea ni mpishi. Asili yake ni Muha wa Kasulu, lakini alilelewa ufukweni Kibirizi, kati ya dagaa walioanikwa mchangani na wachukuzi wanaopishana na magunia. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono isiyojua kukaa bure. Mkikaa kunywa chai atamaliza ya kwake, ataosha kikombe chake, kisha atasimama pembeni yako akisubiri kuosha na chako.

Alikuwa na kiwanja Gungu. Alikipata wakati viwanja bado ni bei ya kuongea, akapandisha kuta mpaka usawa wa linta, akakwama hapo. Majani yakaota sebuleni. Mbuzi wa jirani wakawa wanalala katika chumba alichokipanga kiwe cha baba yake, na baba yake alipoambiwa akasema waacheni, angalau kuna mtu anakitumia.

Huyo baba ndiye aliyekuwa na haraka. Mzee Feliksi alikuwa amezeeka vya kutosha, kifua kinambana kila mvua zinapoanza, na alikuwa ametangaza uani, mbele ya wapangaji wote, kwamba yeye hafi kwenye nyumba ya kupanga. Wengine walicheka, lakini mimi nilijua anasema kweli. Huku Kigoma, kama kwetu Upareni, jeneza la mzee kutolewa kwenye mlango wa mwenye nyumba mwingine ni fedheha kwa watoto wake. Turubai litafungwa kwenye ua wa nani? Waombolezaji watakalia mikeka ya nani? Dorotea ndiye mtoto pekee aliyekuwa karibu naye. Fedheha ile ingekuwa yake peke yake, na alikuwa akiifikiria kila siku akipika.

Sasa utauliza, mtu mwenye jambo zito kama hilo, na mshahara wa kila mwezi, kwa nini asinunue mabati? Jibu liko kwenye sanduku la Mzee Feliksi.

Enzi za nguvu zake mzee alivusha chumvi ya Uvinza na dagaa kwenda Uvira na Kalemie, akarudi na vitenge. Faida aliyobakiza aliiweka katika hela ya kule, zaire, sanduku zima la bati. Alisema nchi ile ina dhahabu, haiwezi kufilisika. Kisha vita vikaja, Wakongomani wakavuka ziwa kwa maelfu, na hela ile ikafa mikononi mwa watu. Dorotea wakati huo alikuwa binti, anakaanga samaki kwenye kibanda pale Kibirizi. Alimwona mama mmoja ameshuka kwenye boti na mfuko wa shangazi kaja umejaa noti, mpya kabisa, anaomba auziwe chakula, na hakuna aliyezitaka hata za kufungia karanga. Mama yule akakaa chini akalia. Mwisho akavua bangili yake ya fedha, na kwa bangili ile akapata chakula, chumba na mkeka siku ileile. Dorotea akarudi nyumbani akafungua sanduku la baba yake, akaangalia zile noti, akalifunga. Waliziwashia jiko mwaka mzima.

Ndiyo maana hakuamini karatasi. Na mabati aliyaogopa pia, maana aliwahi kuona ya jirani yakiibwa yote mchana kweupe, msiba ukiwa umekusanya watu mtaa wa pili. Alitaka kitu kidogo, kizito, cha kufichika.

Mwaka 2015 Warundi wakaanza kuja tena. Meli ya Liemba ikawa inawaleta kutoka Kagunga, uwanja wa mpira ukajaa watu na ndoo, na mji ukajaa magari meupe yenye antena ndefu. Kodi za nyumba zikapanda, bei ya nyanya ikapanda, na waliokuwa na bahati wakapata kazi. Dorotea alipata kazi ya kupika katika nyumba ya shirika moja la maji, palepale Katubuka. Mkubwa wa nyumba hiyo alikuwa mzee kutoka Norwe, fundi wa visima vya kambi za wakimbizi, jina lake Oddvar. Sisi tulimwita Mzee Odivari. Alikuwa ameishi Rukwa ujanani, anajua Kiswahili kuliko baadhi ya wanafunzi wangu, na alikula dagaa na vichwa vyao, jambo lililompa heshima kubwa kwa Dorotea.

Mzee Odivari alikuwa na mapenzi yake. Alikusanya visahani vya fedha. Nasema visahani kwa sababu Dorotea ndivyo alivyoviita. Ukiviona utadhani ni sarafu, lakini hakuna nchi inayovipokea dukani. Ni duara la fedha safi, pana kuliko shilingi yoyote, limechongwa picha pande zote mbili, na thamani yake ni uzito wake na uzuri wa picha. Picha zenyewe zilikuwa za miungu ya zamani ya kwao, kabla hawajajua kanisa. Jumapili moja baada ya chakula alimtolea Dorotea kimoja, kikiwa ndani ya kifuniko cha plastiki, akishike tu aone. Dorotea alikipima mkononi. Hakuuliza ni mungu gani.

"Kikianguka majini kinaoza?"

"Hakiozi."

"Na serikali ikianguka?"

Mzee Odivari alifikiri kidogo. "Hakiozi."

"Basi ukienda likizo niletee na mimi."

Alimwonya. Alimwambia bei ya fedha hupanda na kushuka, mtu asiyeweza kusubiri asiguse. Dorotea akamjibu kwamba zaire za baba yake zilishuka na hazikupanda tena, kwa hiyo kitu kinachoshuka na kupanda kwake ni maendeleo. Basi ikawa kila mzee anapoondoka, na watu wa mashirika wana likizo nyingi kuliko wanafunzi, Dorotea anampa sehemu ya mshahara, na mzee anarudi na kisahani, mara nyingine viwili. Vilikaa katika kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda, nyuma ya gunia la dagaa wa biashara yake ndogo.

Jioni Dorotea alikuwa akituletea uani picha na hadithi zake kama alivyosimuliwa. Alikuwepo mzee mwenye jicho moja, Odini, na kunguru wawili mabegani. Jicho la pili alilitoa mwenyewe ili aruhusiwe kunywa maji ya kisima cha hekima. Mzee Odivari alisema yeye amechimba visima nusu ya Tanzania na hajawahi kudai jicho la mtu. Alikuwepo farasi wa miguu minane, ambaye Mzee Feliksi alimsikitikia kwa gharama ya viatu. Lilikuwepo joka linaloizunguka dunia baharini na kuuma mkia wake. Katekista mmoja alikuja kuuliza kama ni kweli humu mna sanamu. Dorotea akamkaribisha chai, akamwambia haviabudu, anavitunza tu mpaka viwe mabati. Katekista akanywa chai akaondoka.

Lakini ambaye Mzee Feliksi alimpenda kuliko wote alikuwa Thori, yule mwenye nyundo. Si kwa nyundo yake. Thori alikuwa na mbuzi wawili wa kuvuta gari lake. Jioni akiona njaa huwachinja, watu wanakula mpaka wanashiba, mifupa inatupwa juu ya ngozi, na asubuhi mbuzi wanasimama wazima. Sharti lilikuwa moja, mtu asivunje mfupa. Usiku mmoja mlaji mwenye tamaa akavunja mfupa kufuata uboho, na asubuhi mbuzi mmoja akaamka anachechemea. Mzee Feliksi aliomba hadithi hiyo irudiwe mpaka tukaichoka. Alisema mbuzi kama yule ndiye mali, unakula na anabaki, na watu wa Norwe walikuwa na akili.

Kingine alichokipenda ni kisahani chenye boti. Boti ndefu, makasia yamejipanga, kichwa cha nyoka mbele. Mzee alikishika karibu na macho, akakikosoa, hakuna mahali pa kuweka mizigo, halafu akasema seremala aliyeitengeneza alijua maji. Alikaa nacho jioni nzima, ikabidi Dorotea amwombe akirudishe koponi.

Hapo ndipo ninapotakiwa kueleza juu ya kusugua.

Wanawake wa ufukweni hupimwa kwa sufuria zao. Jumamosi utawaona kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji wameinama kwenye maji, mchanga mkononi, jivu kwenye kopo, limau limekatwa, wanasugua mpaka sufuria inageuka kioo, kisha wanazipanga juani zionekane na wapita njia. Sufuria yenye weusi ni aibu ya ukoo. Mimi nimetoka mlimani, sikulelewa hivyo, na kwa miaka yangu yote ya Kigoma sufuria zangu zimesemwa.

Sasa fedha ikikaa, huwa inaweka weusi. Na ikikaa nyuma ya gunia la dagaa huuweka haraka. Dorotea alifungua kopo siku moja akakuta miungu imeanza kupiga weusi. Alikuwa ameshavitoa visahani katika vifuniko vyao vya plastiki kwa sababu kopo halikutosha, vifuniko akawagawia watoto wa uani wachezee. Hakusita. Jumamosi ile akavitia kwenye beseni pamoja na sufuria akateremka ziwani, jivu, mchanga, limau. Vilirudi viking'aa mpaka vinaumiza macho. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi. Mtu wa namna yake anaonyesha upendo kwa kusugua. Wanawe, ambao sasa wana miji yao mbali, walipokuwa wadogo aliwasugua masikio mpaka wakawa wanamkimbia.

Tuliona picha zinafifia? Sijui. Ukikitazama kitu kila wiki huoni kinavyobadilika. Mzee Feliksi peke yake alisema siku moja kwamba Thori amenyoa ndevu. Tukacheka.

Mwaka 2020 Mzee Odivari alimaliza kazi yake na kuitwa kwao kustaafu. Wiki zake za mwisho alimletea Dorotea habari njema. Bei ya fedha ilikuwa imepanda duniani kote, na zaidi ya hayo, baadhi ya visahani alivyomletea vilikuwa vimetengenezwa vichache tu. Kulikuwa na wakusanyaji kwao waliokuwa tayari kuvinunua vyote pamoja, kwa bei ambayo ingetosha paa, dari, na milango yenye kufuli. Alimwambia alete kopo wavipige picha.

Dorotea aliyenijia na habari hiyo hakuwa Dorotea ninayemjua. Alikuwa anacheka peke yake. Alikuwa ameshazungumza na Dismasi, fundi wa paa, aje apime mbao Gungu. Alikuwa ameshamwambia baba yake. Kifua cha mzee kilikuwa kimeanza kubana kabla hata mvua hazijafika, na daktari alikuwa amesema maneno ya upole ambayo sote tuliyaelewa. Safari hii paa lilikuwa linashindana naye.

Jambo kubwa linataka shahidi, kwa hiyo alinichukua mimi. Asubuhi ile alikuwa ameteremka ziwani alfajiri akavisugua kuliko siku zote, kama unavyomwogesha mtoto wa komunyo ya kwanza. Tukakaa barazani kwa Mzee Odivari. Akafungua kopo, akamwaga visahani juu ya kitambaa, vikameta.

Mzee Odivari alitazama. Akachukua kimoja, akakigeuza. Akavaa miwani nyingine. Akachukua cha pili, cha tatu, na sura yake ikawa inabadilika polepole.

"Dorotea," akasema, "Odini yuko wapi?"

Dorotea akamwonyesha. Nami ndipo nilipoona. Palikuwa na uso pale, lakini kama uso wa mtu aliyejifunika shuka lililolowa. Jicho lake moja lililobaki halikuwepo. Kunguru walikuwa vivimbe viwili. Farasi alikuwa na miguu, lakini usingeweza kuapa ni mingapi.

Mzee Odivari alieleza kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Wakusanyaji hulipia kisahani ambacho hakijaguswa. Hata weusi wanaupenda, unaonyesha kimekaa chenyewe. Kikishasuguliwa hawakitaki tena. Aliuliza vifuniko viko wapi, nikamwambia watoto wanapikia matope. Aliuliza pia chenye boti kiko wapi, maana hakukiona. Tukahesabu, kweli hakikuwepo. Dorotea akasema labda ziwa limechukua chake siku ya kuosha.

"Wanalipia uchafu?" Dorotea akauliza. "Nimevitunza kuliko aliyevitengeneza. Mzee, nimevitunza."

Nilimwonea huruma. Na nilikasirika pia, sikujua kwa nani. Mzee Odivari akasema kosa ni lake, alipaswa kumweleza vizuri, na kwamba yeye mwenyewe atavinunua kwa bei ile waliyoahidi. Dorotea akatikisa kichwa. Alianza kuvirudisha koponi, kimoja kimoja, akivifuta na upande wa kanga. Alimwambia mzee ni mstaafu mtarajiwa, asianze uzee wake kwa kununua huruma.

Njiani alitembea mbele, kopo kifuani. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na maneno ya mabati tele mdomoni, nikayameza yote.

Tulimkuta Mzee Feliksi amekaa juani, blanketi begani, anamsubiri. Dorotea akapiga magoti mbele yake, akamwamkia, akamwambia kila kitu bila kuficha. "Data, nimeiharibu nyumba yako." Data ni baba kwa Kiha, na sijawahi kumsikia akilitamka kwa namna ile.

Mzee akaomba kopo. Akachambua visahani, akakipata cha Thori, akakipitisha kidole. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka tukaogopa, akapumzika, akacheka tena.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "umevunja mfupa. Sasa mbuzi anachechemea. Lakini mbuzi anayechechemea unampeleka wapi? Kwa wenye magari hawamtaki. Mpeleke buchani. Pale hawaulizi anatembeaje, wanauliza ana kilo ngapi."

Ulikuwa ukweli rahisi ambao hakuna aliyekuwa ameuona, kwa sababu sote tulikuwa bado tunazililia picha.

Kesho yake tulikwenda Ujiji kwa Hamdani, sonara wa ukoo wa masonara, mwenye karakana nyuma ya nyumba yake. Yeye hutengeneza bangili na pete za maharusi, Waislamu kwa Wakristo, na siku hizi Wakongomani na Warundi wenye ndugu mjini wanamfuata pia. Alichukua kisahani, akakikwaruza kidogo kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea dawa, akatazama rangi. Akatia vyote kwenye mizani yake ndogo. Dorotea alikuwa amesimama mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Hamdani akasema ni fedha safi, safi kuliko anayoletewa siku zote, na kwamba kwa bei ya mwaka huu mama amefanya vizuri kusubiri. Halafu akageuza kile cha Odini kwenye mwanga.

"Mama, nikwambie kweli," akasema. "Mimi kitu chenye sura ya mtu nikikitia motoni mkono unasita. Hivi mtu ameshaziondoa sura zote. Nani alikusugulia?"

"Mimi mwenyewe," Dorotea akasema.

"Umeniondolea kazi."

Ndiyo mara ya kwanza tangu barazani kwa Mzee Odivari kumwona Dorotea akitabasamu. Walipatana bei kwa heshima, kwa kikombe cha kahawa na kashata. Haikutosha dari, wala milango yenye kufuli. Lakini paa ilitosha, na misumari, na Dismasi fundi.

Paa lilikamilika siku chache kabla ya mvua. Mbuzi wa jirani walitolewa kwa shida, walikuwa wanaona ni kwao. Tulimhamisha Mzee Feliksi kwa bodaboda, Dorotea nyuma yake amemkumbatia asianguke, mimi nikifuata na godoro kwenye toroli. Hapakuwa na dari, kwa hiyo mvua ya kwanza ilipopiga yale mabati hatukusikiana kabisa. Mzee alikuwa anasema kitu, mdomo unacheza, uso umejaa furaha. Mvua ilipokatika tukamuuliza alikuwa anasema nini. Akasema alikuwa anasema sasa anaweza kufa.

Hakufa. Alikula kama kijana. Kifua kilitulia, mimi naamini ni kwa sababu moyo ulitulia. Akaanza kuzunguka Gungu na fimbo yake, kila anayesimama kumwamkia anakaribishwa aje aone nyumba ya binti yake, iliyoezekwa na miungu ya Norwe. Mzee Odivari alipopiga simu kutoka kwao Mzee Feliksi alimwambia mbuzi tumemla, na amefufuka ana mabati mgongoni. Ile ilikuwa miaka mizuri. Nilikuwa nakwenda pale kila Jumapili, na Dorotea akinipakulia kwanza kabla ya wageni wengine, nami nikijifanya sioni.

Mzee Feliksi alifariki katika msimu wa pili wa mvua, mchana, amekaa kwenye kiti chake barazani. Jeneza lilitoka kwenye mlango wa mwanawe. Turubai lilifungwa kwenye ua wa mwanawe, na watu wa Kibirizi, wa Ujiji, wa Katubuka wakakaa pale, na hakuna aliyeuliza mwenye nyumba ni nani. Dorotea alilia sana, lakini alilia amenyooka.

Siku ya kuanua matanga tulikuwa nyuma ya nyumba tunasugua masufuria makubwa ya msiba, jivu na limau vimetuzunguka. Wakaleta nguo za marehemu zigawiwe ndugu. Koti lake la siku zote lilikuwa na mfuko wa ndani ulioshonwa kwa uzi wa nyavu, mshono wa mwanaume, mkubwa mkubwa. Dorotea akaukata kwa kisu cha limau. Kikaanguka kisahani.

Kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria. Na ile boti ilikuwepo, nzima. Kila kasia lake, kila ubao, magamba ya shingo ya nyoka, mawimbi madogo chini. Sikujua kama palikuwa na mawimbi.

Dorotea alikaa chini. Alicheka na machozi yanamtoka. "Mzee huyu aliniibia, Mwalimu. Angeniomba ningempa."

"Ungempa," nikamwambia, "baada ya kukisugua."

Mkono wake ulikuwa umeshakwenda kwenye jivu, wenyewe, kama ulivyozoea maisha yake yote. Ukachota. Kisha nikauona unasimama. Ukabaki hewani kidogo, jivu likamwagika katikati ya vidole.

Akaufuta mkono kwenye kanga mpaka ukawa mkavu, akakiokota kisahani kwa ncha za vidole, akakifunga kwenye pindo la kanga yake kikiwa na weusi wake wote. Halafu akavuta sufuria iliyofuata.